Nitumie Suke, Si Jani

Kila msimu wa mvua simu yangu hujaa picha za nyasi. Mara nyingi ni jani moja refu limeshikwa mkononi, nyuma yake tairi la pikipiki au ukuta wa banda la ng'ombe, na chini yake swali la haraka: "Mtaalamu, hii ni Mombasa kweli?", yaani ile nyasi ya malisho inayouzwa kwa jina hilo. Au: "Huu ulezi wangu mbona umekaa hivi?" Jibu langu ni fupi hadi wengine wananiona nina maringo: nitumie suke. Kama halijachanua, subiri lichanue.

Jani la nyasi linadanganya. Linafuata maji, kivuli na samadi. Likishiba linapanuka, likikosa linajikunja. Uwele mchanga, mtama mchanga na mahindi machanga vikiota jirani kwenye udongo wenye mbolea, hata mtu aliyezeeka na jembe atainama mara mbili kabla hajasema kitu. Suke halina tabia hiyo. Ukame unaweza kulidumaza, lakini mpangilio wa matawi yake, nywele zake na ganda linaloshika punje hubaki vilevile. Wataalamu wa mimea walijenga majina yao juu ya suke, na kwa kulitazama upya wameyabomoa pia.

Wamebomoa sana. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alikuwa na kundi moja pana aliloliita Panicum, akatia humo nyasi nyingi zenye punje ndogo ya mviringo. Jina lenyewe alilichukua kwa Warumi, ambao walilitumia kwa nafaka ambayo leo imetolewa kwenye kundi hilo na kuitwa Setaria italica, ile yenye suke kama mkia. Uwele nao aliutia humo kwa jina la Panicum americanum, Panicum wa Marekani, ingawa uwele ni mzaliwa wa Afrika Magharibi na ulianza kulimwa ukanda wa Sahel zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Tangu hapo umehamishwa kundi hadi kundi. Vitabu vingi vya kilimo vinauita Pennisetum glaucum. Tangu 2010 wataalamu wengi wanaandika Cenchrus americanus. Umarekani wake wa bandia umegoma kutoka.

Kwa hiyo ukikuta pakiti mbili za mbegu ile ile zina majina mawili ya Kilatini, usikimbilie kusema umeibiwa. Na ukikuta pakiti ya nafaka ya dukani yenye lile jina moja la Kiingereza, millet, linalobeba ulezi, uwele, nafaka ya proso na nyinginezo zote, ujue hujaambiwa kitu. Ifungue uone. Ulezi, ambao Kenya wanauita wimbi, ni punje ndogo ya duara, ya kahawia au nyekundu iliyoiva, haifiki milimita mbili. Uwele, au mawele, ni mkubwa zaidi, umechongoka upande mmoja, una rangi ya kijivu inayoelekea kijani. Proso inang'aa kana kwamba imepakwa mafuta. Mtama nauacha pembeni leo. Una mambo yake.

Ulezi ndio unaoliza watu, kwa hiyo niukalie.

Suke lake ni vidole vinavyotoka karibu sehemu moja juu ya bua, na mara nyingi kimoja kimejitenga chini kidogo kama kidole gumba. Vikikomaa, aina nyingine hunyoosha vidole, nyingine huvikunja kwa ndani hadi suke zima linafumba ngumi. Mpaka hapo ni rahisi. Taabu ni kwamba vidole si vya ulezi peke yake. Ukoka una vidole, vyembamba, na mmea wenyewe unatambaa chini, huyo humkosei. Kuna nyasi nyingine ya kando ya njia, Dactyloctenium, yenye vidole vifupi vilivyolala kifudifudi. Ukitazama ncha ya kila kidole utaona mchomo mtupu usio na punje. Ulezi hauna mchomo huo, punje zake zinafika hadi mwisho.

Halafu kuna ndugu wawili wa damu. Wa kwanza ni Eleusine indica, gugu la kila uwanja wa shule, lenye mashina bapa yaliyolala chini, meupe sehemu ya shina karibu na mizizi. Vidole vyake ni vyembamba kama vimenyimwa chakula. Huyu anakera palizi tu; ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 18 wakati ulezi una 36, kwa hiyo hawazaliani kirahisi. Wa pili ndiye hatari: ulezi pori, Eleusine africana, ambao baadhi ya wataalamu hawautengi kabisa na ulezi wa shambani, wanauhesabu kuwa tawi lake. Nao una kromosomu 36. Ndio mzazi. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, watu wa kale walichagua ndani ya huo ulezi pori mimea isiyomwaga punje, wakaipanda, wakachagua tena, na ulezi ukavuka bahari hadi India kabla hata ya majina haya kuwepo. Mzazi hakuondoka. Bado anaota kwenye shamba lile lile, chavua yake inaingia, na baada ya misimu kadhaa unapata mimea ya katikati ambayo haipo huku wala kule.

Shangazi yangu analima ulezi Rukwa. Nilimkuta kwenye palizi, nikamwuliza anawezaje kung'oa ulezi pori wakati miche inafanana kabisa.

"Siwezi," akasema. "Nani amekwambia naweza?"

"Sasa unang'oa nini, shangazi?"

"Nang'oa kilichoota pasipo mstari. Mwanangu, zamani tulikuwa tunamwaga mbegu tu, kisha tunakaa kubahatisha. Siku hizi napanda kwa kamba. Kilicho kati ya mistari sikiulizi jina."

Ndivyo mabwana shamba wanavyofundisha, ila kwa maneno mengi zaidi. Kwa umri huo wa mche hakuna lenzi itakayokusaidia. Ndani ya mstari bado ulezi pori unapenya, huo utaungoja utoe suke. Hapo ndipo shangazi alinionyesha kitu ninachokitumia hadi leo. Alikunja suke lililoiva juu ya kiganja, akaligonga kwa kidole mara mbili, tatu. Halikutoa kitu. Akachukua jingine, jembamba zaidi, rangi imeiva na kuwa nyeusi kidogo, akaligonga vilevile. Kiganja kikajaa visuke, vile vifuko vidogo vinavyobeba punje, pamoja na punje zenyewe. Mmea wa porini unajipanda wenyewe, lazima umwage. Mmea wa shambani unasubiri kisu. Punje zenyewe ukizitazama utaona tofauti: za pori ni ndefu kidogo na zina mistari au chembe juu ya ngozi, za shambani ni duara. Sugua punje mbichi ya ulezi kwa maji katikati ya vidole, utando wake mwembamba utatoka mzima mzima. Ngano na mahindi hawatakufanyia hivyo, kwao ngozi imeshikana na mbegu.

Suke linalomwaga ling'olewe kabla halijamwaga, lisitupwe pembezoni mwa shamba. Na mbegu ya msimu ujao usiichote kwenye gunia; ikate kwa mkono kutoka mashuke yaliyofaulu mtihani wa kiganja. Kule Moshi anayenunua ulezi kwa ajili ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hahoji ukoo, anataka ulezi unaoota ili apate kimea. Ulezi pori nao unaota. Mkulima ndiye atakayeumia, kwa sababu nusu ya mavuno yamebaki chini.

Uwele hauna sarakasi hizo. Suke ni bomba moja lililosimama, punje zimebanana pande zote, Dodoma na Singida watoto wanalijua kabla hawajajua kusoma. Ugali wake na mlenda sina haja ya kuueleza. Kinachochanganya ni nyasi zenye mkia wenye nywele, maana zipo nyingi, na hapa kuna alama moja nzuri sana. Vuta punje za suke lililokomaa kwa vidole halafu tazama nywele zimekwenda wapi. Kwenye Setaria zote, za kulimwa na za porini, punje inaondoka na nywele zinabaki zimesimama kwenye uti. Kwenye nyasi za ukoo wa Cenchrus, kama ile ya malisho inayostawi sana Kongwa, kisuke kinaondoka na shada lake lote la nywele. Uwele, kwa kuwa umefugwa muda mrefu, umevunja desturi ya ukoo wake: shada linabaki na punje inapurwa ikiwa tupu. Aina zenye nywele ndefu ngumu wakulima wengine huzipenda kwa sababu kwelea kwelea hawapati pa kutua vizuri.

Na Setaria moja utaijua bila lenzi, ile inayong'ang'ania suruali hadi unarudi nyumbani na masuke mazima magotini. Hiyo ni verticillata. Pitisha vidole taratibu kutoka chini ya suke kwenda juu: inakwaruza, vimiba vyake vimeelekezwa chini. Setaria nyingine hukwaruza ukishuka. Mtihani huu nawapa wanafunzi wa sekondari na hakuna anayeusahau.

Proso, Panicum miliaceum, ndiyo Panicum halisi inayoliwa, lakini Tanzania wengi tunaipata kwenye pakiti ya chakula cha ndege wa kufugwa. Ilianza kulimwa kaskazini mwa China maelfu ya miaka iliyopita. Leo mashamba yake makubwa yako Urusi, Ukraine na kwenye tambarare za Colorado na Nebraska. Kama unataka somo la bei nafuu, nunua pakiti hiyo, otesha kiganja kimoja kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, na usipalilie. Nilifanya hivyo barazani kwangu Morogoro. Zilitoka nyasi za aina tatu. Proso ilikuja na ala za majani (sehemu ya jani inayokumbatia bua) zenye manyoya magumu hadi zinawasha mkono, kisha ikatoa suke lililotawanyika na kuinamia upande mmoja kwa uzito wa punje. Setaria italica ikatoa mkia mnene uliojikunja. Ya tatu ikatoa kichwa kifupi cha umbo la yai, cheupe chenye mistari ya kijani. Hiyo ni Phalaris, chakula cha chiriku wa vizimbani, si ndugu wa karibu wa hizo mbili. Proso ilikomaa haraka kuliko zote, na ukichelewa siku chache inaanza kumwaga juu kabla ya chini kuiva.

Sasa nirudi kwa hao wa "Mombasa", maana ndio wengi, na fedha zao ndizo nyingi.

Nyasi inayouzwa kwa majina ya Mombasa, Tanzania, Zuri, Massai na mengineyo ni ile iliyoitwa Panicum maximum kwa zaidi ya miaka 200, nyasi ya Gini. Mtaalamu wa mimea Nikolaus Jacquin aliipa jina hilo mwaka 1781 kwa mmea wa visiwa vya Karibi, na kule ilifika kutoka Afrika enzi za biashara ya watumwa. Kumbe kitovu cha utofauti wake ni huku kwetu. Miaka ya 1967 na 1969 watafiti wa Kifaransa wa taasisi ya ORSTOM walipita Kenya na Tanzania wakikusanya mimea ya nyasi hii. Nyasi ya Gini ya kawaida hutoa mbegu bila kuchavushwa, kila mche ni nakala ya mama yake, jambo zuri kwa muuza mbegu na balaa kwa anayetaka kuzalisha aina mpya. Maeneo ya Korogwe walikuta mimea inayozaana kwa chavua. Bila hiyo, uzalishaji wa aina mpya usingewezekana.

Mkusanyiko ule ukapelekwa Ivory Coast, na mwaka 1982 nakala yake ikafika Brazil kwa shirika la utafiti la Embrapa. Kutoka humo wakachagua. Mwaka 1990 walitoa Tanzania-1, iliyochukuliwa Korogwe. Mwaka 1993 wakatoa Mombaça, ndiyo Mombasa ya pakiti zetu, ambayo licha ya jina lake nayo ilichukuliwa karibu na Korogwe. Massai, ya mwaka 2001, ilichumwa kando ya njia kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo. Zuri ikafuata 2014, Tamani 2015. Kwa hiyo mfugaji wa Handeni anayeagiza mbegu ya Brazil kwa bei ya kuumiza anaagiza nyasi ambayo shangazi zake wamekuwa wakiifyeka chini ya mikonge. Simcheki. Ile ya Brazil imechaguliwa kwa majani mengi na uvumilivu, na ya kwetu ya kando ya barabara haijachaguliwa na mtu. Ila inaniuma kidogo kwamba kazi ya kuchagua haikufanyika Korogwe.

Haya, unaitambuaje? Tazama suke: ni kishada kilichofunguka, chepesi, na matawi ya chini kabisa yanatoka kwa pamoja kulizunguka bua, kwenye duara moja. Alama ya pili inahitaji lenzi ya mkono, hata ile ya elfu kumi ya mafundi saa. Chukua kisuke kilichokomaa, ondoa maganda laini ya nje, utabaki na ganda gumu linalokumbatia punje. Kwenye nyasi ya Gini ganda hilo lina mikunjo midogo iliyokatiza mlalo, safu baada ya safu. Kwenye Panicum halisi, proso ikiwemo, ganda hilo ni laini tupu na linang'aa. Mikunjo hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya wataalamu waitoe nyasi ya Gini kwenye Panicum, kwanza ikapelekwa Urochloa pamoja na brakiaria, nyasi nyingine ya malisho, kisha mwaka 2003 ikapewa chumba chake yenyewe: Megathyrsus maximus. Wenye viwanda vya mbegu hawajajali, pakiti zinaendelea kusema Panicum. Brakiaria haitakuchanganya: matawi ya suke lake ni vijiti vilivyobeba visuke upande mmoja, vimepangwa kwa mstari.

Mbegu nyingi za kutoka nje zimevishwa koti la rangi, buluu au kijani, na hapo hauoni mkunjo wala ung'aavu. Loweka chache kwenye kikombe cha maji, zisugue, koti litatoka. Halafu bana kila moja kwa ukucha. Nyasi ya Gini ina sifa mbaya ya kutoa maganda mengi matupu, na rafiki yangu mmoja aliuziwa pakiti ambayo sehemu kubwa ilikuwa upepo ndani ya rangi. Muuzaji alimwambia mvua ndiyo haikutosha.

Kuzitenga aina zenyewe, Mombasa na Tanzania na wenzao, ndiko ninakokataa kuapa kwa picha. Mombasa ni ndefu na jani lake ni pana, linafika sentimita tatu. Tanzania ni fupi kidogo, majani membamba yanayoinama, na visuke vyake vina wekundu wa zambarau. Massai ni kishungi kifupi chenye majani membamba kabisa. Lakini pima hayo kwenye mashamba mawili yenye samadi tofauti, na sentimita zako zitakuruka.

Kuna sababu nyingine ya kutopuuza lile ganda laini. Ndugu wa karibu, Panicum coloratum, hupandwa kwa malisho na hustahimili udongo mzito mweusi. Suke lake ukilitazama kwa mbali ni la nyasi ya Gini iliyokonda. Kwa ng'ombe ni chakula kizuri. Kondoo, mbuzi na farasi ni habari nyingine: ina saponini, kemikali za mmea wenyewe, zinazoweza kuharibu ini, na ini likishindwa, ngozi ya mnyama inaungua kwa jua la kawaida. Unaona masikio yamevimba, uso umevimba, mnyama anatafuta kivuli saa nne asubuhi. Texas wanalijua tatizo hili vizuri kwa sababu wameipanda sana. Ukiona hayo kwenye mbuzi wako, muite daktari wa mifugo, waondoe kwenye shamba hilo, wape kivuli, na umchumie daktari masuke ya kila nyasi iliyomo humo.

Wa mpunga nisiwasahau, maana nao hutuma picha. Wao ndio pekee ninaowakubalia jani. Gugu kubwa la majaruba, Echinochloa, likiwa changa linafanana na mpunga kupita kiasi. Livute jani nje kidogo mahali linapoungana na ala. Mpunga una kiulimi cheupe chembamba hapo, na vishikizo viwili vyenye nywele pembeni. Echinochloa haina chochote, peupe kabisa. Ng'oa.

Ukitaka jibu la uhakika kuliko langu, tengeneza sampuli. Kata mmea mzima ukiweza, na mizizi, ukiwa na suke lililochanua na jingine lililokomaa. Kama ni mrefu, ukunje mara mbili kwa umbo la herufi N. Ulaze katikati ya magazeti, weka mbao na matofali juu, badilisha magazeti kila siku mpaka ukauke. Magazeti yenye unyevu yanaleta ukungu na kazi yote inaharibika. Andika kijiji, tarehe, aina ya udongo, kama ulipandwa au uliota wenyewe, na jina wanaloliita wenyeji. Weka punje zilizodondoka kwenye bahasha ndogo, uibandike humo humo. Tanzania kuna hifadhi ya mimea Arusha na nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kenya iko kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Piga simu kwanza kabla hujapanda basi na furushi lako. Na acha masuke mawili, matatu nyumbani, kwa sababu wao watabaki na sampuli, nawe msimu ujao utahitaji ya kulinganisha.